Uzi maalumu: Viatu vya kila siku visivyoingiza maji kwa mzazi anayeshinda akikimbizana na shughuli

#1 SoliKavu

Wakuu, salaam. Swali la viatu vya mvua kwa wazazi limeulizwa vipandevipande kwenye nyuzi nyingi, na majibu mengi huishia kutaja jina la kampuni. Jina halikaushi mguu. Tuliweke suala lote hapa: kiatu cha kuvaa toka asubuhi hadi jioni, kinachoingia mguuni huku mkono mmoja umemshika mtoto, kinachopita kwenye madimbwi na majani yenye umande, kisha kinaingia ofisini bila kuonekana cha shambani.

Kiatu kifupi kikiloa ndani, mara nyingi maji hayakupenya ngozi wala soli. Yamepita kwenye mdomo wa kiatu, au pembeni mwa ulimi, au ni jasho la mguu wenyewe. Kwa hiyo kabla ya kusoma boksi, legeza kamba, vuta ulimi mbele utazame pande zake. Ukiona kitambaa kilichokunjwa kinachounganisha ulimi na mwili wa kiatu, fuatilia kimeshonwa hadi kimo gani. Kimo hicho ndicho kina cha dimbwi ambacho kiatu kitavumilia. Kitambaa kikiishia tundu la pili la kamba, sentimita 5 hivi kutoka ardhini, hata utando bora kuliko wote (ule ngozi mwembamba wa ndani unaozuia maji na kutoa mvuke) hautakuokoa kwenye maji ya sentimita 6. Na kama ulimi umeachwa huru pande zote mbili, kirudishe rafuni, hicho si kiatu cha mvua.

Maneno ya boksi nayo yanachanganya watu. "Waterproof" ni ahadi kwamba maji hayapiti hadi kimo fulani. "Water resistant" ni kwamba yatachelewa kupita, basi: manyunyu unavuka, mvua ya nusu saa huvuki. Ukikuta namba ya milimita elfu kadhaa, yaani kimo cha safu ya maji ambacho kitambaa kinastahimili, ujue ni kipimo cha kitambaa kabla hakijatobolewa na sindano. Kiatu kina mishono, kina mikunjo, kina maungio ya soli, na namba hiyo haisemi lolote kuhusu hayo.

#2 MamaPacha

Ahsante SoliKavu. Naomba wataalamu wagusie jambo moja: kuchuchumaa. Mzazi anachuchumaa na kupiga magoti mara nyingi kwa siku, na viatu vyangu huanza kuingiza maji palepale kwenye mkunjo wa vidole. Ni ubovu wa kiatu au ni matumizi?

#3 FundiKalibu

Dada MamaPacha, ni matumizi, ila kuna viatu vinavyovumilia na visivyovumilia.

Ukichuchumaa kisigino kinanyanyuka, uzito wote unahamia mbele, na sehemu ya juu inakunjika kwa pembe kali mahali palepale kila siku. Mambo matatu hutokea hapo. Gundi kati ya soli na sehemu ya juu inavutwa mpaka inaachia mwanya mwembamba, kwa kawaida upande wa kidole kidogo. Ngozi ikiwa kavu inapasuka kwenye mkunjo. La tatu halionekani kwa nje: utando wa ndani unasagwa. Michanga inayoingia kiatuni kwenye viwanja vya kuchezea watoto inazama chini ya soli ya ndani na pembeni mwa vidole, na kila hatua inafanya kazi ya msasa. Kucha ndefu ya kidole gumba nayo inatoboa.

Kinga yake haigharimu kitu. Kila jioni toa soli ya ndani, pindua kiatu, kung'uta, pitisha kitambaa chenye unyevu kwenye kona za vidole. Nusu dakika kila mguu.

Wakati wa kununua, kikunje kwa mikono miwili. Kinatakiwa kupinda pale vidole vinapoanzia, yaani karibu theluthi moja ya urefu kutoka mbele. Kikipinda katikati ya unyayo, soli yake haina uti na upinde wa mguu utachoka. Kikigoma kabisa kupinda, kisigino kitapwaya kila hatua na kuchubua. Kisha angalia mkunjo unapita wapi: ukiangukia juu ya mshono, maji yatapita hapo mapema. Tafuta kiatu ambacho mbele, kuanzia vidole hadi mwanzo wa kamba, ni kipande kimoja bila mishono, na kina ukingo wa mpira uliopanda sentimita 1 hadi 2 kuzunguka vidole. Ukingo huo pia unaokoa ncha ya kiatu kwa wale wanaokanyaga na kunyanyua breki ya kigari cha mtoto kwa mguu.

#4 Tembea_Kavu

Niongeze jinsi ya kutofautisha jasho na uvujaji, maana watu wanarudisha viatu vizima.

Jasho: unyevu umeenea sawasawa chini ya unyayo na katikati ya vidole, ni wa vuguvugu, na unaukuta hata siku ya jua. Uvujaji: unaanzia sehemu moja, ni wa baridi, na soksi ina baka lenye mpaka.

Kama bado una shaka, jaza kiatu karatasi nyepesi za kufutia mikono, kavu kabisa, zibane kwenye vidole, pembeni na kisigino. Weka maji kwenye beseni, kina cha sentimita 4, au pungufu ikiwa kitambaa cha ulimi kinaishia chini. Ingiza mkono kiatuni, kikandamize majini na kukikunja kunja kwenye vidole kwa dakika 10. Usikiache kimetulia tu, kwa sababu kukunjika ndiko kunakosukuma maji ndani. Toa karatasi moja moja kwa mpangilio. Ile iliyoloa ndiyo inakuonyesha tundu lilipo.

Kipimo hiki kifanyie kiatu kipya kabla hujakivalia nje tu pale muuzaji anapokubali kurudishiwa kilichoguswa na maji. Muulize kwanza.

#5 Mguu_Mpana

Vipi kuhusu saizi? Mimi namba 40 ya kampuni moja inanibana, ya nyingine inapwaya.

#6 FundiKalibu

Mguu_Mpana, namba ya Ulaya haipimi mguu wako, inapima kalibu, yaani kile kiunzi ambacho kiatu hujengewa juu yake. Hatua moja ya namba ni theluthi mbili za sentimita. Kalibu inatakiwa kuwa ndefu kuliko mguu kwa sentimita 1 hadi 1.5, na kila kiwanda kina uamuzi wake hapo. Mguu wa sentimita 25 ukiongeza 1.5 unapata 26.5, zidisha kwa 1.5, unapata 39.75, kwa hiyo 40. Kiwanda kilichoongeza sentimita 1 tu kitauita mguu huohuo 39. Ndiyo sababu ya mkanganyiko wako.

Njia ya uhakika ni kupima sentimita. Simama juu ya karatasi jioni, mguu ukiwa umevimba kwa shughuli za siku, umevaa soksi utakazotumia. Kisigino kiguse ukuta. Weka alama mbele ya kidole kirefu zaidi, ambacho kwa wengi ni gumba na kwa wengine ni cha pili. Pima miguu yote miwili, maana mara nyingi hailingani, na nunua kwa kuufuata ule mkubwa. Upana upime penye mafundo ya vidole. Halafu toa soli ya ndani ya kiatu unachokitaka, simama juu yake: mbele pabaki sentimita 1 hadi 1.2, na nyama ya mguu isimwagike nje ya kingo. Ikimwagika, kuongeza namba si dawa, kwa sababu unaongeza urefu zaidi ya upana. Tafuta kalibu pana.

Kwa viatu vyenye utando niongeze neno. Raba ya kawaida hutanuka pembeni baada ya wiki mbili. Yenye utando hutanuka kidogo sana, kwani ndani kuna kama soksi iliyofungwa. Kinachobana dukani kitabana mwaka mzima.

#7 NesiWaMiguu

Kwa akina mama waliojifungua: msinunue kwa namba ya zamani. Wakati wa ujauzito kano za mguu hulegea na uzito huongezeka, kwa hiyo upinde unaweza kushuka na mguu kurefuka kwa milimita kadhaa, na kwa wengi haurudi ulivyokuwa. Pimeni upya. Mkisikia maumivu makali chini ya kisigino kwenye hatua za kwanza asubuhi, msikimbilie kiatu laini zaidi. Ulaini uliopitiliza unauacha mguu ulale ndani. Kinachosaidia ni kiatu kilicho kigumu nyuma ya kisigino, soli isiyosokoteka kama kitambaa, na upinde unaogusa mguu bila kuusukuma. Maumivu yakizidi wiki chache, nendeni kwa mtaalamu wa afya.

Kuhusu fangasi, ngozi iliyoloa kati ya vidole kwa saa nyingi ndiyo nyumba yao. Kausha kati ya vidole kila jioni, badilisha soksi mchana zikilowa. Soksi za pamba zinanyonya na kushikilia maji. Sufu laini ya merino au mchanganyiko wa poliesta hukauka haraka na hauchubui sana. Jozi moja ya ziada kwenye mkoba wa nepi haichukui nafasi.

#8 Joto_Kali

Napinga kidogo. Mnazungumza kama wote tunaishi kwenye baridi. Kwenye joto na unyevunyevu viatu vya utando ni mateso. Utando unatoa mvuke kwa sababu ndani kuna joto na unyevu kuliko nje. Nje kukiwa na joto na unyevu sawa na ndani, mvuke hauna pa kwenda, mguu unaiva. Halafu mvua ikinyesha sana maji yanaingia kwa juu na hayatoki, kwa sababu kilichozuia yasiingie ndicho kinachoyazuia yasitoke. Unatembea na ndoo mbili.

Kwa hali hiyo nashauri kinyume: raba ya wavu isiyo na utando, isiyo na sponji nene, yenye soli ya ndani isiyonyonya maji, na soksi nyembamba ya sintetiki. Italoa, lakini itajikamua kwa kutembea na kukauka usiku. Kiatu cha utando kikijaa maji ndani kinaweza kuchukua siku mbili.

#9 SoliKavu

Joto_Kali, naafiki kwa sehemu kubwa, na ndiyo maana swali la kwanza liwe hali ya hewa. Mvua ya baridi na vipindi virefu vya lami iliyoloa: utando, au ngozi nzima iliyotiwa nta. Mvua kubwa ya joto inayopita kwa saa moja: wavu unaokauka. Maji ya kufika kifundoni: gambuti fupi, halafu vua ukifika. Mpira hautoi mvuke hata kidogo, hivyo gambuti si kiatu cha kushinda nacho.

Kwa wasioujua utando, ulio maarufu zaidi ni plastiki ya PTFE iliyovutwa mpaka ikawa na vitundu vidogo mno. Mwaka 1969 Bob Gore aliivuta kwa ghafla ikiwa imepashwa moto, nayo ikanyooka badala ya kukatika. Kutoka hapo ikaja Gore-Tex. Tone la maji ni kubwa kuliko vitundu hivyo, mvuke ni mdogo kuliko vyenyewe. Siku hizi zipo tando za polietilini iliyovutwa, zilizobuniwa kuepuka kemikali za florini zinazodumu kwenye mazingira. Kwa mvaaji tofauti kubwa iko kwenye dawa ya kukataa maji inayopakwa juu ya kitambaa. Dawa zisizo na florini huzuia maji vizuri lakini hazizuii mafuta, kwa hiyo kiatu kikichafuka kinaanza kunyonya mapema. Kisafishe mara nyingi zaidi.

#10 BabaWatatu

Wakuu, muda wa kufunga kamba ndio sina. Zipu, lastiki, au velkro?

#11 FundiKalibu

Mkuu, kila njia ya haraka ina mahali pake pa kuvujia.

Lastiki za pembeni zimefumwa, na zilivyofumwa ndivyo zinavyopitisha maji, tena hulegea baada ya mwaka au miwili na kisigino kikaanza kupwaya. Zipu ya pembeni ni nzuri iwapo nyuma yake kuna kitambaa kilichokunjwa kama cha ulimi. Ikiwa nyuma ya zipu ni soksi moja kwa moja, maji yatapita kwenye meno. Velkro inashika vizuri ikiwa mpya. Ikijaa nyuzi na tope inaachia, isafishe kwa mswaki mkavu.

Ninayoipendekeza ni kiatu cha kamba chenye ulimi ulioshonwa hadi juu, kisha utoe kamba za kawaida uweke kamba za lastiki zenye kibanio. Kiatu cha jozi 5 au 6 za matundu kinahitaji takribani sentimita 100 kila mguu. Pitisha kamba ukiwa umevaa kiatu na umesimama. Kaza sana safu mbili za juu, legeza kiasi safu za vidole, kata ziada na kufunga ncha. Hapo kiatu kinaingia bila kuinama na kinga ya ulimi inabaki. Kiwe na kishikio cha nguo nyuma, kirefu cha kutosha kidole kimoja. Usikanyage kisigino kukiingiza, maana ule ugumu wa nyuma ukishavunjika haurudi, labda kiatu kiwe kimeundwa makusudi kwa kisigino kinachobonyea na kuinuka chenyewe.

#12 NgaziZenyeMaji

Hamjagusa utelezi, na kwa anayembeba mtoto huo ndio hatari kuliko soksi iliyoloa. Haoni anapokanyaga na hana mkono wa kushikia.

Soli bonyeza kwa kucha. Mpira mzuri wa mvua unabonyea kidogo na kurudi. Ukiwa mgumu na unang'aa kama plastiki, kwenye vigae vilivyoloa utakuwa kama sabuni. Meno makubwa ya kupandia milima hayasaidii kwenye vigae, kwa sababu yanapunguza eneo linalogusa. Kwa sakafu na lami unataka meno mafupi, milimita 2 hadi 4, mengi, yenye kingo kali na mifereji inayofika ukingoni ili maji yapate pa kukimbilia. Kwa tope, meno marefu yaliyo mbalimbali. Kiatu kimoja hakiwezi vyote, chagua unapotembea zaidi.

Viatu vya kazi vinavyofuata kiwango cha EN ISO 20345 au 20347 vina alama za kusoma: toleo la zamani SRC maana yake kilipimwa kwenye kigae chenye sabuni na kwenye chuma chenye gliserini, na WR ni kiatu kizima kilichopimwa kuzuia maji. Chini ya 20347 vipo vyepesi visivyo na chuma cha vidole, vinafaa sana kwa mzazi, ingawa wengi hawavitazami.

Na soli nene kama mkate laini iogope. Simama kwa mguu mmoja sekunde 10 ukiwa umebeba mzigo wa uzito wa mtoto wako. Kifundo kikicheza huku na huku, acha.

#13 MamaPacha

Nashukuru sana wote. Matunzo je? Na kiatu kikishaanza kunyonya maji juu, ndiyo mwisho wake?

#14 Tembea_Kavu

Siyo mwisho, dada. Nyunyiza maji juu yake. Yakijikunja kuwa matone na kuteleza, dawa ipo. Yakienea na kitambaa kikawa cheusi, dawa imechoka. Utando ndani unaweza kuwa mzima, lakini kitambaa kilichojaa maji kinaziba njia ya mvuke na mguu unahisi umeloa.

Toa kamba na soli ya ndani. Sugua tope kavu kwa brashi. Osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini kidogo, usitumie kilainisha nguo, kinaharibu uwezo wa kukataa maji. Suuza mpaka povu liishe. Dawa nyingi zilizochanganywa na maji hupuliziwa kiatu kikiwa bado na unyevu, zilizochanganywa na kiyeyushi cha kemikali hutaka kikavu, soma chupa. Pulizia nje penye hewa, umbali wa sentimita 15 hadi 20, ukisisitiza mishono na mkunjo wa vidole. Baada ya dakika 3 futa ziada kwa kitambaa. Acha kikauke saa 24 kabla ya mvua.

Ngozi laini ya kung'aa ipakwe krimu au nta, tabaka jembamba, sugua kwa vidole. Mafuta mazito yanaziba vitundu na kulegeza ngozi. Suwedi usiipake nta, italala na kuwa nyeusi, ipulizie tu.

Kukausha: toa soli ya ndani, jaza karatasi za magazeti, zibadilishe baada ya saa moja, kisha weka mpya hadi asubuhi. Mbali na jiko, hita na jua kali. Joto linalegeza gundi na kukausha ngozi mpaka inapasuka. Ukiweza kuwa na jozi mbili za kupokezana, kila moja ikipumzika siku nzima, zote zitadumu zaidi.

#15 FundiKalibu

Kwa ule mwanya wa soli upande wa kidole kidogo: ukiwa chini ya sentimita 3, uzibe mwenyewe. Fungua mwanya kwa kijiti, safisha vumbi, kausha kabisa. Kwaruza pande zote mbili kwa msasa mpaka mng'ao uishe. Futa kwa spiriti. Paka gundi ya mpira nyembamba pande zote mbili, subiri dakika 10 hadi 15 mpaka ukigusa haigandi kidoleni. Hapo ndipo wengi wanaharibu, wanabana ikiwa bado mbichi. Kandamiza kwa nguvu, funga kwa ukanda wa mpira saa 24. Gundi ya papo kwa hapo usitumie, ikikauka inakuwa kioo na kuvunjika kwenye mkunjo wa kwanza. Na kama uliwahi kupulizia dawa ya silikoni, usiruke msasa, kwa sababu silikoni inakataa gundi.

#16 Mguu_Mpana

Na kiatu kilichokaa boksini miaka mitano, cha bei ya chini, bado kipya, kinafaa?

#17 FundiKalibu

Angalia soli. Ikiwa ya poliyurethani, unyevu wa hewa huila taratibu hata bila kuvaliwa, na siku ya kwanza mvuani inaweza kumomonyoka kama mkate mkavu. Kibandiko chini ya ulimi mara nyingi kina mwezi na mwaka wa kutengenezwa. Bonyeza ukingo wa soli kwa dole gumba: ukinata, ukibaki na shimo au ukitoa unga, kiache. Soli ya mpira mtupu au ya EVA (sponji nyepesi ya plastiki) haina tatizo hilo, ila kagua gundi kuzunguka kingo kwa kuvuta taratibu sehemu ya vidole kabla hujalipa.